Jinsi ya kuhesabu uwili wa nadharia ya nyuzi kwa kalamu na karatasi: mwongozo kamili

Ukiambiwa kwamba dunia yenye duara la nusukipenyo R haiwezi kutofautishwa na dunia yenye duara la nusukipenyo 1/R, unaweza kuduwaa, au unaweza kukaa chini ukahesabu. Mwongozo huu ni wa kuhesabu. Video nyingi za fizikia huishia kwenye kuduwaa, na mtazamaji huondoka akidhani kuna hisabati ya kutisha nyuma ya pazia. Ipo kweli, lakini sehemu kubwa ya uwili wa nyuzi inapatikana kwa vipeo, vipeuo na milinganyo ya kidato cha nne. Andaa karatasi, kalamu na kikokotoo cha simu.

Nadharia ya nyuzi inadai kwamba chembe zote ni nyuzi ndogo mno zinazotetema. Sasa neno lenyewe, uwili. Nadharia mbili zina uwili pale zinapoonekana tofauti kabisa kwenye karatasi, lakini kila swali linaloweza kupimwa linapata jibu lilelile kwa zote mbili. Wapo wanaozieleza kama mapacha, nami sikubaliani nao, maana pacha ni watu wawili. Huu ni mfano wa mtoto anayeitwa Zawadi nyumbani na Mwanaidi shuleni: jina lolote utakalobishia hodi, anayetoka ni yuleyule. Kazi yetu ni kuonyesha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja, na namna ya kutoka jina moja kwenda jingine.

Hatua ya 1: Panga vipimo

Wanafizikia wa nyuzi huiweka kasi ya nuru na namba ya Planck (ile iliyogawanywa kwa 2π) kuwa 1. Fanya vivyo hivyo. Itakuokolea nusu ya makosa. Kinachobaki ni namba moja tu ya nadharia, α′, inayoeleza ukakamavu wa uzi. Mvutano wa uzi ni 1/(2πα′), na kipeuo cha pili cha α′ ndicho urefu wa asili wa nyuzi. Tuweke α′ = 1 pia. Kuanzia hapa, nikisema R = 2 nina maana ya duara ambalo nusukipenyo yake ni mara mbili ya urefu huo.

Sasa chukulia kwamba mojawapo ya pande za anga imejikunja ikawa duara. Ukiuelekea upande huo na kwenda umbali wa 2πR, unarudi ulikoanzia.

Hatua ya 2: Ngazi ya kwanza, ya mwendo

Kila chembe ni wimbi pia. Wimbi linalozunguka duara lazima lijifunge vizuri: likirudi mwanzoni, kilele kikutane na kilele. Kwa hiyo mzingo 2πR lazima ubebe mawimbi kamili, moja, mawili, matatu, bila nusu. Matokeo yake ni kwamba momenta (nguvu ya mwendo) ya upande huo haiwezi kuwa namba yoyote, bali n/R tu, ambapo n ni namba kamili (hasi, sifuri au chanya).

Mtu asiyeliona duara kwa sababu ni dogo mno hataiita hiyo momenta. Ataona chembe zenye masi tofauti: 0, 1/R, 2/R, 3/R, na kuendelea. Wanafizikia Kaluza mwaka 1921 na Klein mwaka 1926 walikuwa wakilifikiria jambo hili muda mrefu kabla ya nyuzi. Andika pembeni mwa karatasi yako, kwa herufi kubwa: NGAZI INAYOPANDA KWA HATUA SAWA HUFICHA DUARA. Tutaihitaji kanuni hii mpaka mwisho.

Kwa R = 2, vidato vya ngazi ni 0.5, 1, 1.5. Kwa R = 1/2 ni 2, 4, 6. Duara likiwa dogo, ngazi inakuwa na vidato virefu.

Hatua ya 3: Ngazi ya pili, ya kuzunguka

Hapa ndipo uzi unaposhinda chembe. Sisimizi akiwa juu ya bomba anaweza kutembea tu. Rababendi inaweza kutembea na pia inaweza kuvishwa kwenye bomba, ikazunguka mara moja, mara mbili, au zaidi. Ikishavishwa haivuliki bila kukatwa. Idadi ya mizunguko tuiite w, nayo ni namba kamili.

Uzi uliozunguka mara w una urefu wa 2πRw. Zidisha kwa mvutano 1/(2πα′), unapata nishati wR/α′, yaani wR kwa vipimo vyetu. Kwa R = 2, vidato ni 2, 4, 6. Kwa R = 1/2 ni 0.5, 1, 1.5.

Rudi juu kidogo usome namba za hatua ya 2. Ni zilezile, zimebadilishana nafasi. Nadharia ya chembe haikuwa na namna ya kufanya hivyo, maana ilikuwa na ngazi moja tu.

Hatua ya 4: Mlinganyo mzima

Kufanana kwa ngazi mbili hakutoshi, kwa sababu uzi pia hutetema, na kila mtetemo huongeza masi. Mitetemo ya uzi uliofungwa huenda pande mbili, kushoto na kulia. Kiasi cha mtetemo wa upande mmoja ni N, cha upande wa pili ni Ñ, zote namba kamili kuanzia sifuri. Kwa uzi wa aina rahisi kuliko zote, yaani wa bosoni (jamii ya chembe kama fotoni, chembe ya nuru), mlinganyo wa masi ni huu:

M² = (n/R)² + (wR)² + 2(N + Ñ − 2)

pamoja na sharti moja:

N − Ñ + nw = 0

Sharti hilo linatokana na ukweli kwamba uzi uliofungwa hauna mahali pa kuanzia. Ukihamisha alama ya mwanzo kidogo mbele, fizikia haibadiliki. Ile −2 ndiyo huwasumbua wengi. Ni nishati ya mtetemo usiozimika hata uzi ukitulia kabisa. Uzi wa bosoni huishi kwenye dimensheni 26 (pande za anga pamoja na wakati), na pande 24 ndizo za kutetema. Kila upande hutoa −1/24 kwa mitetemo ya kushoto na −1/24 kwa ya kulia, hivyo jumla ni −1 na −1. (Hiyo 1/24 ina undugu na ule mzaha maarufu kwamba 1 + 2 + 3 + … ni −1/12. Tusiingie huko, hatutatoka leo.)

Ukiweka n, w, N na Ñ zote kuwa sifuri, M² inakuwa −4. Masi ambayo kipeo chake cha pili ni hasi ni dalili kwamba nadharia hii ya bosoni haijatulia. Chembe hiyo huitwa takioni. Nyuzi zenye fermioni (jamii ya chembe kama elektroni), zinazoishi kwenye dimensheni 10, huondoa ugonjwa huo. Tunatumia ya bosoni kwa sababu ni nzuri kujifunzia, kama baiskeli ya kuazima.

Hatua ya 5: Badilisha, kisha hakiki

Kwenye mlinganyo, andika w mahali pa n, n mahali pa w, na 1/R mahali pa R. Kipande (n/R)² kinageuka (wR)², na (wR)² kinageuka (n/R)². N na Ñ hazikuguswa. Sharti lina nw, na nw ni sawa na wn. Hakuna kilichobadilika. Ukirudisha α′, kanuni inasomeka: R inakuwa α′/R. Huu ndio uwili wa T, uliotolewa na Kikkawa na Yamasaki mwaka 1984, kisha Sakai na Senda mwaka 1986.

Usiniamini, pima. Chukua R = 2, n = 3, w = 1. Sharti linadai Ñ = N + 3, basi weka N = 0 na Ñ = 3. M² = 9/4 + 4 + 2(3 − 2) = 8.25. Sasa nenda R = 1/2, n = 1, w = 3, mitetemo ileile: 4 + 9/4 + 2 = 8.25. Jaribu mwenyewe n = 2, w = −1 kwa R = 4 dhidi ya R = 1/4. Ukipata majibu tofauti, karibu hakika umesahau kubadilishana n na w. Kosa hilo nililifanya jioni nzima mara yangu ya kwanza: niligeuza R peke yake, nikatangaza kwamba nadharia imevunjika.

Orodha ya masi kufanana ni ushahidi, bado si uthibitisho kamili, kwa kuwa nadharia pia husema nyuzi zinavyogongana. Uthibitisho upo, na siri yake ni rahisi kuieleza: nafasi ya uzi kwenye duara, X, ni jumla ya sehemu mbili, K ya mawimbi yaendayo kushoto na L ya yaendayo kulia. Uwili wa T hubadili alama ya sehemu moja tu, kutoka X = K + L kwenda X′ = K − L. Mabadiliko hayo hayaigusi hesabu yoyote ya migongano. Mwaka 1987 Buscher alionyesha namna ya kuyafanya hata pale ambapo duara hubadilika ukubwa kutoka mahali hadi mahali.

Hatua ya 6: Jiulize "kubwa" maana yake nini

Hapa wengi huuliza: si ningechukua rula nikapima duara kama ni 2 au ni 1/2? Haya, ungepima kwa nini? Mahali pa kitu hupatikana kwa kukusanya mawimbi ya momenta mbalimbali, na ni nafuu kufanya hivyo duara likiwa kubwa, kwa kuwa vidato vya n ni vifupi. Duara likiwa dogo, mawimbi hayo ni ghali, ila nyuzi zilizozunguka zimekuwa nyepesi. Mpimaji wa dunia hiyo atatumia nyuzi zilizozunguka kutengenezea rula yake, na rula hiyo itasoma 1/R. Brandenberger na Vafa waliieleza hoja hii mwaka 1989, walipokuwa wakiuliza ulimwengu wa mwanzo ungesinyaa hadi wapi. Kwa rula yoyote iliyo nafuu kuitengeneza, duara halishuki chini ya 1.

Hatua ya 7: Simama kwenye R = 1

Mahali ambapo R na 1/R ni sawa panastahili kutazamwa peke yake. Hapo M² = n² + w² + 2(N + Ñ − 2). Tafuta hali zote zenye M² = 0. Fanya kazi hii kwa mkono, ni dakika kumi.

Kuna zile za kawaida: n = w = 0, N = Ñ = 1. Ndani yake mna gravitoni, chembe ya graviti, pamoja na chembe mbili za jamii ya fotoni zinazotokana na duara: moja inahisi n, nyingine inahisi w. Hizo zipo kwa R yoyote. Lakini sasa weka n = w = 1. Sharti linadai Ñ = N + 1; chukua N = 0, Ñ = 1: 1 + 1 + 2(1 − 2) = 0. Haina masi! Vivyo hivyo n = w = −1. Kisha n = 1, w = −1 na n = −1, w = 1, zenye N = 1, Ñ = 0. Chembe nne mpya za jamii ya fotoni zimezaliwa. Mbili zikawa sita, na sita hizo zinajipanga katika makundi mawili ya tatu tatu, ulinganifu ambao wanahisabati huuita SU(2) × SU(2). SU(2) ndiyo inayotawala kani dhaifu kwenye nadharia ya kawaida ya chembe. Hapa imechipuka kutoka kwenye duara bila kuombwa.

Usiache n = ±2, w = 0 na w = ±2, n = 0, zenye N = Ñ = 0. Nazo hazina masi. Hizo hazisukumi kama fotoni. Ni za jamii ya chembe zisizo na mwelekeo.

Sogeza R hadi 1.1 uhesabu tena n = w = 1: 1/1.21 + 1.21 − 2 ni takriban 0.036. Masi imerudi. Sogeza hadi 1/1.1, utapata 0.036 ileile. Kupita upande wa pili wa 1 ni kurudi ulikotoka.

Hatua ya 8: Nyuzi zenye ncha

Uzi wenye ncha mbili haufungi kwenye bomba; unaweza kuteleza ukafunguka. Hauna w. Basi ukiugeuza kwa uwili wa T, ngazi yake ya n inakwenda wapi? Kumbuka X′ = K − L. Ncha iliyokuwa huru kuteleza kwenye duara la kwanza, kwenye duara la pili imegandishwa mahali pamoja. Uzi ambao ncha zake zimegandishwa unaweza sasa kuhesabu mizunguko, kwa sababu hauwezi kufunguka. Ngazi imeokoka.

Imegandishwa kwenye nini? Dai, Leigh na Polchinski walijibu mwaka 1989: kwenye kitu halisi, utando ambao leo huitwa brani ya D. Mwaka 1995 Polchinski alionyesha kwamba brani hizo zina chaji na masi, si mistari ya kuchorea tu. Brani yenye urefu mmoja huitwa D1, isiyo na urefu wowote ni D0. Kila unapofanya uwili wa T kwenye upande ambao brani imeuzunguka, inapungua dimensheni moja. Ukifanya kwenye upande ambao haijauzunguka, inaongezeka moja.

Sasa mtego. Kila nadharia ya nyuzi ina namba g inayosema nyuzi hukatika na kuungana kwa urahisi kiasi gani. Wanafunzi hugeuza R wakaiacha g. Haikubaliki: mtu asiyeliona duara lazima apime kani ileile ya graviti pande zote mbili, na kani hiyo hutegemea R/g². Kwa hiyo g′ = g/R. Ipime kwa brani. D1 ina mvutano wa 1/(2πg); ikizunguka duara, masi yake ni 2πR × 1/(2πg) = R/g. Baada ya uwili inakuwa D0, ambayo masi yake ni 1/g′ = R/g. Zimelingana. Usingeibadili g, zisingelingana.

Kwenye nyuzi zenye fermioni, uwili huu hubadilisha pia mkono (upande wa kujizungusha) wa fermioni za upande mmoja, kulia kuwa kushoto. Nadharia za nyuzi hizo ziko tano, na mbili kati yake huitwa Aina ya IIA na Aina ya IIB. Ndiyo maana Aina ya IIA kwenye duara R ni Aina ya IIB kwenye duara 1/R. Nyuzi mbili za heterotiki (mchanganyiko wa uzi wa bosoni na wenye fermioni), zinazoitwa kwa ulinganifu wake, SO(32) na E8 × E8, zimeunganishwa hivyohivyo.

Hatua ya 9: Geuza g yenyewe

Uwili wa S, unaogeuza g badala ya R, una tabia nyingine. Asili yake ni ya zamani: milinganyo ya Maxwell bila chaji haibadiliki ukiweka uga wa sumaku mahali pa uga wa umeme na kugeuza alama ya mmoja. Dirac mwaka 1931 alionyesha kwamba kama chaji ya sumaku ipo, basi ikizidishwa kwa ile ya umeme ni lazima itoke kizidishe cha 2π; moja ikiwa ndogo, nyingine kubwa. Montonen na Olive mwaka 1977 wakathubutu kudai kwamba nadharia yenye kani kubwa inaweza kuwa ileile yenye kani ndogo, umeme na sumaku vikibadilishana kiti.

Kwenye Aina ya IIB, kanuni ni g kuwa 1/g, na uzi wa kawaida hubadilishana na D1. Pima mvutano kwa kipimo cha 1/(2π). Uzi wa kawaida ni 1, D1 ni 1/g. Kifungo cha nyuzi p za kawaida na q za D1 kina mvutano wa √(p² + q²/g²). Chukua g = 1/2, p = q = 1: √5. Chukua g = 2: √(1 + 1/4), yaani √5/2. Hazifanani? Usikate tamaa. Uwili wa S hubadili pia kipimo cha urefu, kwa hiyo linganisha uwiano tu. Kwa g = 1/2 uzi mwepesi kuliko wote ni 1, na uwiano ni √5. Kwa g = 2 mwepesi ni D1, 1/2, na uwiano ni √5 tena.

Tofauti na uwili wa T, huu haujathibitishwa hatua kwa hatua, kwa kuwa zana zetu za kawaida hufanya kazi g ikiwa ndogo. Tunaushika kwa hali maalumu ambazo masi yake imefungwa na chaji na haiwezi kuyumba g ikipanda. Hesabu ya Sen ya mwaka 1994, iliyotafuta kifungo ambacho uwili ulidai lazima kiwepo na kukikuta, ndiyo iliyowafanya wengi waache kutia shaka.

Hatua ya 10: Ngazi ya tatu

Rudi kwenye Aina ya IIA. Masi ya D0 ni 1/g. D0 mbili zikishikana: 2/g. Tatu: 3/g. Soma ulichoandika pembeni kwenye hatua ya 2.

Hatua ni sawa, basi kuna duara, na nusukipenyo yake ni g. Dimensheni kumi zilikuwa kumi na moja. Hatukuiona ya mwisho kwa sababu g ilikuwa ndogo. Witten alilitangaza hili mwaka 1995 kwenye mkutano wa nyuzi mjini Los Angeles, na nadharia hiyo ya dimensheni 11 ikapewa jina la M.

Zoezi la mwisho linaunganisha kila ulichofanya. Anza na nadharia ya M. Kunja pande mbili ziwe maduara, nusukipenyo A na B, zikitengeneza umbo la tairi. Duara A lilete Aina ya IIA, hivyo g = A. Duara B ligeuze kwa uwili wa T, nawe uko kwenye Aina ya IIB. Kanuni ya hatua ya 8 inasema g′ = g/R, yaani A/B.

Sasa anza upya, ila safari hii tumia B kuleta Aina ya IIA na ugeuze A. Unapata B/A. Tairi ni lilelile, hukuligusa. Umebadilisha tu duara lipi ulihesabu kwanza, na g imekuwa 1/g.